Chupa ya Hodi Katika Chumba cha Giza

Wivu wa Yaw Adusei haukuwa wa kutembea kwa miguu. Ulikuwa na gari lake, na aliyeshika usukani alikuwa mama yake mzazi.

Jumanne hiyo Maame Pokuaa aliingia nyumbani kwa mwanawe kabla uji haujachemka. Alikuwa amejifunga kitambaa chake cheusi cha misiba, ingawa hakuna aliyekufa, akajikalisha kwenye benchi la jikoni kwa uzito wa mtu aliyebeba habari. Na mama wa Kumasi akibeba habari haitui mwenyewe. Anangoja aombwe.

"Maame, umeamkaje?" Yaw akamsalimia.

"Sijaamka. Wanaamka waliolala."

"Unaumwa?"

"Naumwa na niliyoyaona."

Yaw akaweka kikombe chini. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Suame, mtaa wa magereji, mwenye viganja vipana kama sinia. Gereji nzima ilisimulia jinsi alivyowahi kuunga lori lililokatika vipande viwili, lori likaenda Tamale na kurudi, na njiani likampita dereva wake. Chuma kilimtii. Kisichomtii kilikuwa moyo wake, kila alipomtazama mkewe Afriyie.

Na tangu binti yao azaliwe, moyo huo ulikuwa umepata shida mpya. Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, njiti wa kutosha kulala kwenye kiganja cha baba yake, akakaa wodini wiki nyingi na mpira wa oksijeni puani. Afriyie akahamia hosteli ya akina mama hospitalini, mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Sasa walikuwa wamesharuhusiwa, lakini kwa Yaw ilikuwa kama mke hajarudi. Macho yake yote yalikuwa kwa mtoto. Yaw alinyoa ndevu, hakuonekana. Akafuga ndevu, hakuonekana. Siku moja alivaa shati nje ndani makusudi, akapita mbele ya mkewe mara tatu. Mara ya tatu Afriyie akamwita. Yaw akageuka kwa matumaini. "Nishikie hii nepi," mke akasema.

Basi mtu wa namna hiyo, mwenye njaa ya kutazamwa, ndiye aliyemuuliza mama yake:

"Uliona nini, Maame?"

Maame Pokuaa akashusha sauti hadi ikasikika nyumba ya tatu. "Jumanne iliyopita si nilimsindikiza mkeo kliniki? Wanaita kliniki ya macho ya watoto njiti. Nikasema vizuri, na mimi niingie. Nesi akanizuia mlangoni. Mkeo akaingia na daktari. Mwanaume. Mlango ukafungwa. Halafu, Yaw, mwanangu niliyekunyonyesha, taa zikazimwa."

"Zikazimwa?"

"Pu! Giza. Hata dirishani wameweka pazia jeusi. Nikatega sikio. Mtoto analia, mkeo anasema 'pole, pole.' Anampa nani pole, mimi sijui. Walipotoka, mkeo macho yamelowa, na daktari mkono wake uko hapa." Akajigusa bega. "Hapa hapa. Haukuwa na haraka ya kuondoka."

Yaw akausahau uji motoni.

"Daktari gani huyo?"

"Nimako. Kofi Nimako."

Kikombe kilikuwa mezani, kingekuwa mkononi kingevunjika. Jina lile alilijua. Kabla Yaw hajawahi kuiona sura ya Afriyie, watu wa ukoo wa Nimako walikuwa wamefika kwao Afriyie na chupa ya shinapsi, pombe kali ya desturi, ile chupa ya hodi ambayo bila hiyo hakuna posa. Mjomba wa Afriyie, Wofa Dwomoh, akaipokea kwa mikono miwili. Afriyie alipoulizwa, akasema hamtaki. Kwa desturi, msichana akikataa, chupa inarudi kwa wenyewe na neno linakwisha. Lakini Wofa Dwomoh, Mungu amsamehe, alikuwa ameshaionja kuhakikisha kama ni nzuri, na alipomaliza kuhakikisha hakukuwa na cha kurudisha.

"Chupa isiyorudishwa bado inaongea," Maame Pokuaa akasema, kana kwamba Yaw hakujua. "Yule kijana mlango wake haujafungwa. Wewe umeoa, sawa, lakini yeye bado amesimama kizingitini. Na binti yako amezaliwa siku gani?"

"Maame, tafadhali."

"Ijumaa. Mtoto Afua, daktari Kofi. Majina ya waliozaliwa Ijumaa, yote mawili! Angengoja wakati wake huyu mtoto, nani ajuaye, angekuwa wa Alhamisi kama baba yake."

"Mtoto hachagui siku, Maame."

Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Afriyie alikuwa amesimama pale, kanga imefungwa kifuani, na juu ya kanga kinachungulia kichwa kidogo chenye kofia ya sufu. Alikuwa amekonda. Lakini shingo ile, na namna alivyoinua kidevu akikasirika, Yaw angeweza kuiuza gereji yake kwa ajili ya kidevu kile.

"Umesikia kuanzia wapi?" Yaw akauliza.

"Kuanzia 'pu.'"

"Basi nijibu. Daktari wa mtoto ni yule Nimako wa chupa?"

"Ndiye."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Kwa nini, Afriyie? Kila wiki unaingia gizani na mwanaume aliyekuposa, mimi niko Suame nachomelea mageti ya watu, na hukuniambia!"

"Kwa sababu nakujua," Afriyie akasema polepole ili asimwamshe mtoto. "Nilijua ungeuliza habari za Nimako kabla ya kuuliza habari za jicho la mwanao. Na leo, Yaw, umeanza na lipi?"

Yaw akaukumbuka uji, akaenda kuukoroga. Hata Maame Pokuaa alipata kazi ya ghafla ya kukunja pindo la kitambaa chake.

Lakini wivu ukipigwa ngumi haufi, unabadilisha mkono. "Leo huendi," Yaw akasema. "Daktari wa macho hakuzaliwa mmoja. Nitakutafutia mwingine wiki ijayo. Mwanamke."

"Wiki ijayo?" Afriyie akasogea karibu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimtazama mumewe usoni. Yaw angetamani atazamwe kwa sababu nyingine. "Jumanne iliyopita ameona mstari ndani ya macho ya Afua. Amesema leo lazima auangalie tena. Kama umekua, anatibu leo. Hawa watoto jicho lao haliji kukuambia linauma. Linapofuka kimya kimya, mama anaendelea kuliimbia. Ukitaka kunifungia, nifungie mimi, mtoto umpeleke mwenyewe."

Yaw akatembea hadi mlangoni, akarudi.

"Tutakwenda wote," akasema. "Nina kitu cha kumrudishia huyo daktari."

"Na mimi naja," Maame Pokuaa akadakia, ameshasimama. "Atahitajika shahidi."

*

Njiani Yaw aliisimamisha teksi, akaingia duka la vinywaji, akatoka na chupa ya shinapsi ndani ya mfuko mweusi. Aliikumbatia kama Afriyie alivyomkumbatia mtoto. Dereva akawaangalia kwenye kioo, mmoja na mtoto, mmoja na chupa, akaona ni heri aongeze sauti ya redio.

Ukumbi wa kliniki ulijaa akina mama, kila mmoja na kifurushi chake kifuani. Aliyekuwa karibu na mlango ni Serwaa, muuza samaki wa kukausha, mwanamke mnene mwenye mapacha wawili kifuani na bado ana nafasi ya kubeba wengine. Alimwona Yaw, akaiona chupa.

"Ei, mama Afua! Leo umetuletea mwanaume!" akapaza sauti. "Karibu, mume wangu. Na kinywaji juu! Mgonjwa ni nani, mtoto au ini lako?"

Ukumbi ukacheka. Yaw akaficha chupa nyuma ya mgongo, mahali ambapo kila mtu aliiona vizuri zaidi.

"Kaa hapa kwangu, mume wangu," Serwaa akamsogezea nafasi. "Mbona unatoka jasho? Wa kuchunguzwa ni mtoto, au na wewe ulizaliwa njiti?" Akachukua upepeo wake akaanza kumpepea, fyu, fyu, huku mapacha wamelala kama hawamjui.

Nesi akapita na chupa ndogo ya matone. Alimfunua Afua jicho moja, tone, jicho la pili, tone. Baada ya muda mboni za mtoto zikapanuka, zikawa nyeusi na kubwa kama punje za mpapai.

"Mmemfanya nini?" Yaw akaruka.

"Tumemfungulia dirisha, baba Afua," nesi akasema. "Daktari atachungulia ndani. Twendeni, zamu yenu."

Sasa, kumwombea adui yako awe na kitambi na upara ni kazi ya usiku kucha. Yaw hakupata usiku, alipata dakika za kwenye teksi tu, na alizitumia zote kuomba hivyo. Mungu ana kazi nyingi. Dokta Kofi Nimako alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye meno yaliyojipanga kama wanafunzi wa shule ya misheni, na kichwani amefunga taa kama mchimba dhahabu wa Obuasi. Hata ile taa ilimpendeza.

"Karibu, baba Afua. Nimefurahi umekuja," akasema, akanyoosha mkono.

Yaw hakuupokea. "Mlango ubaki wazi."

"Ukibaki wazi sitaona."

"Utaona nini gizani ambacho huwezi kuona kwenye mwanga?"

"Yaw," Afriyie akasema akikaza meno.

Dokta Nimako alimtazama Yaw, akautazama mfuko mweusi, akamtazama Afriyie, na kitu kikapita usoni pake kama tabasamu lililokosa njia. "Sawa," akasema. "Siku zote mama ndiye anayemshika mtoto kichwa, maana mtoto anaijua harufu yake. Leo ashike baba. Hapo utakuwa karibu kuliko mtu yeyote. Utaona kila kinachofanyika gizani."

Nesi akamfunga Afua kwa shuka, akamkaza kama kenkey, donge la unga wa mahindi, ndani ya majani yake, uso tu ukabaki nje. Yaw akaweka viganja vyake pande mbili za kile kichwa. Kilikuwa kama chungwa. Kilikuwa na joto. Ndani yake alihisi kitu kinapiga, du, du, du, chepesi kama kidole mlangoni.

Mlango ukafungwa. Taa zikazimwa.

Giza lile halikuwa na mapenzi yoyote. Lilikuwa na harufu ya dawa. Ukawaka mwanga mmoja tu, wa kichwani kwa daktari, ukapita ndani ya lenzi aliyoishika vidoleni, ukaingia kwenye jicho la Afua. Kabla ya hapo daktari alikuwa ametia kijiwaya chembamba kati ya kope, akakiachia, jicho likabaki wazi lisiweze kufumba. Na mtoto akalia.

Yaw alikuwa amesikia vyuma vikilia maisha yake yote. Alisikia msumeno juu ya bati, nyundo juu ya fuawe. Hakuwahi kusikia sauti kama ile. Afriyie alikuwa ameinama upande wa pili, akimdondoshea mtoto maji ya sukari ulimini.

"Pole," alikuwa akinong'ona. "Pole, mama. Pole."

Kumbe zile pole zilikuwa za nani.

Fundi wa kuchomelea, mtu aliyeishi na moto mbele ya uso, akafumba macho.

"Usifumbe," Afriyie akamwambia gizani.

"Siwezi."

"Yeye amezuiwa kufumba. Na sisi tusifumbe. Mimi sijafumba hata wiki moja."

Yaw akafumbua. Machozi yakateremka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia, kwani mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Ndipo akahisi vidole vya mkewe vimekuja kukaa juu ya vyake, kwenye kile kichwa kidogo, vikabaki hapo.

Jicho la pili likachukua muda zaidi. Daktari alipowasha taa ya chumba, Afriyie alimtazama tu akajua.

"Umekua," akasema.

"Umekua," Dokta Nimako akakubali. Akachomoa kalamu mfukoni. "Baba Afua, nipe kiganja."

Yaw, bila kujua kwa nini, akampa. Daktari akachora duara katikati ya kiganja kile kipana, kisha mistari inayotambaa kutoka katikati kwenda pembeni.

"Huu ni ukuta wa nyuma ya jicho lake. Mishipa ya damu inatambaa kama mmea unaopanda ukutani. Aliyezaliwa kabla ya wakati, mmea wake haujamaliza ukuta. Wa Afua umesimama hapa. Wiki iliyopita palikuwa na mstari. Leo mstari umekuwa tuta, na juu ya tuta imeota mishipa mipya, imekwenda ovyo. Inavuta. Ikiendelea kuvuta, itaubandua ukuta wenyewe."

"Ukibanduka?"

"Hataona. Macho yote mawili."

Yaw akaangalia kiganja chake kana kwamba kilikuwa cha mtu mwingine. "Ni ile oksijeni?"

"Ina mkono wake. Lakini ndiyo iliyomwokoa. Bila hiyo leo tusingekuwa na jicho la kuangalia."

Oksijeni Yaw aliijua, alikuwa na mitungi yake gereji. Ikipungua, moto unatoa moshi. Ikizidi, inakata hata usichotaka kukata. Akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Unataka kufanya nini?"

"Kuchoma kwa leza ile sehemu ya pembeni ambayo mmea haujafika. Atapoteza kidogo pembeni ili abaki na katikati. Nitamlaza usingizi. Nataka leo hii mchana, Jumanne ijayo tutakuwa tumechelewa."

Kuchoma. Mtu huyu, kati ya watu wote waliowahi kuzaliwa, achome macho ya binti yake.

"Nyoosha mkono," Yaw akasema.

"Yaw!" Afriyie akashtuka.

"Ndivyo tunavyofanya kwetu. Kijana hapewi moto kabla mkono wake haujaonekana. Nyoosha, vidole mbele."

Dokta Nimako akanyoosha. Yaw akainama, akafumba jicho moja, akaziangalia zile ncha za vidole kwa muda mrefu sana. Nzi angetua pale angelala usingizi.

"Hautetemeki," akasema hatimaye, kwa huzuni ya mtu aliyetafuta kasoro akaikosa.

Kisha akaunyanyua mfuko mweusi, akaweka chupa juu ya meza katikati ya vifaa vya macho.

"Hii ni ya kwenu. Mjomba wa mke wangu aliipokea, akainywa, hakurudisha. Mimi narudisha. Pokea, mlango ufungwe."

Daktari akaiangalia ile chupa, mara akaanza kucheka, kicheko cha kweli kilichoitikisa taa kichwani. "Chupa hii! Mama yangu anaisema kila Krismasi! Mke wangu ameshachoka kuisikia. Kaka, mimi nilikataliwa, nikaumwa, nikapona, nikaoa. Lakini leo siipokei."

"Huipokei?" Yaw akaisukuma chupa karibu naye.

"Mkono unaopokea kinywaji haushiki leza. Kaa nayo. Nikimaliza kazi, tutazungumza."

Afriyie hakuwa akiitazama chupa. Alikuwa akimtazama mumewe, na kidevu kile kilikuwa kinatetemeka. "Sema ndiyo, Yaw. Nakuomba."

Yaw akavuta pumzi. "Mchome," akasema. "Mchome kama wako." Halafu masikio yake yakasikia alichosema, akaongeza haraka: "Lakini ni wangu!"

"Ni wako," Dokta Nimako akasema. "Hata kidole gumba chake ni kama chako. Twende."

Mlango ukafunguliwa. Maame Pokuaa alikuwa ameganda pale nje, sikio lake bado limeelekea mbao. Akamwona mwanawe anatoka, macho yamelowa, na juu ya bega lake umekaa mkono wa daktari, hapa hapa, wala haukuwa na haraka ya kuondoka.

"Ei!" Maame akashika kichwa. "Na wewe pia?"

*

Mtoto alipopelekwa ndani, walikaa kwenye benchi la ukumbini, chupa katikati yao. Maame Pokuaa alikuwa amekwenda kuwanunulia waakye, wali wa kunde, akidai ni ya Afriyie, maana anayenyonyesha hakai na njaa. Kwa Maame, huo ulikuwa msamaha wa kupiga magoti.

"Kwa nini ulimkataa?" Yaw akauliza, akitazama sakafu. "Mrefu. Daktari. Meno yale."

"Unataka kujua au unataka kuumia?"

"Vyote."

Afriyie akatabasamu kidogo. "Alipokuja kwetu alinitazama vizuri mno. Hakukosea kitu. Kama sasa anavyotazama, kila kona anaiona. Nikajisikia nimepimwa. Wewe siku ya kwanza umekuja kufunga geti kwa Wofa Dwomoh, nikapita na ndoo, ukanitazama ukachomelea geti likashikana na nguzo."

"Lile geti lilikuwa bovu."

"Lile geti halijafunguka mpaka leo, Yaw. Wofa anapita dirishani."

Yaw alicheka, kicheko kikakatika katikati. "Afriyie. Tangu azaliwe, hujanitazama."

Alisema kwa sauti ndogo, na mara moja akaona aibu, maana si neno la mwanaume mwenye viganja vile.

"Niliogopa," Afriyie akasema. "Kila nikigeuza macho, nilidhani nikirudisha sitamkuta. Sikuona ndevu zako, sikuona uchovu wako. Shati la nje ndani nililiona."

"Uliliona?"

"Nilikosa nguvu za kucheka."

Akalaza kichwa chake kwenye bega lile lile. Hapo Serwaa akapita na mapacha wake wamechunguzwa, wamepona hofu, akawaona.

"Mume wangu!" akapayuka. "Usilie, machozi ya mwanaume yanachacha." Akamfuta Yaw shavu kwa pindo la kitambaa chake chenye harufu ya samaki, akaenda zake akiimba. Afriyie aliinua kichwa, akamsindikiza kwa macho.

*

Jumanne iliyofuata chumba cha giza kiliwapokea tena. Yaw akashika kichwa, hakufumba. Afua alilia, daktari akazunguka huku na huku na lenzi yake. Taa ilipowashwa, Dokta Nimako alivua kile kitaa chake na kukiweka mezani.

"Mishipa ya ovyo imenyauka," akasema. "Ukuta umeshika. Tutaendelea kumwangalia, na huenda siku moja akahitaji miwani. Lakini ataona."

Afriyie alikaa chini palepale sakafuni, mtoto kifuani, akacheka na kulia kwa pamoja. Yaw akabaki amesimama, hajui aweke wapi mikono yake. Mwishowe akaichukua chupa kwenye mfuko, akaitoa kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka.

Dokta Nimako akaipokea kwa mikono miwili. "Nimepokea. Ukoo wa Nimako hauna neno tena mlangoni kwenu." Kisha akaigeuza akamrudishia. "Na sasa hii ni zawadi yangu. Siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina, mmwagie wazee waliotangulia. Jina la Ijumaa analo tayari. Mpeni la ukoo wa baba yake."

"Utakuja?" Yaw akajikuta anauliza.

"Nikialikwa."

"Njoo na mkeo," Yaw akasema. "Ukae naye meza moja. Usizungukezunguke."

Walitoka ukumbini. Akina mama walikuwa wamejaa kama kawaida, na kutoka upande wa dirisha ikaja ile sauti:

"Mume wangu! Leo unacheka! Njoo nikupepee!"

Yaw akapunga mkono kwa adabu, akaendelea kutembea. Hatua chache mbele akagundua anatembea peke yake. Akageuka. Afriyie alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mtoto kifuani, kidevu juu.

"Yule muuza samaki," akasema, "anakuita mume wake kwa sababu gani?"

"Nani, Serwaa? Anatania tu. Anaita kila mtu."

"Sijamsikia akimwita daktari. Sijamsikia akimwita dereva wa teksi. Jumanne ile amekupepea, sikusema. Amekufuta machozi kwa nguo yake, sikusema. Umemjulia wapi, Yaw Adusei? Nitazame nikiongea na wewe!"

Yaw alimtazama. Macho ya mkewe yalikuwa yamewaka, makubwa, yamemkazia yeye, yeye peke yake, kutoka ndevu hadi vifungo vya shati, hayakuruka hata kimoja.

"Endelea," akasema kwa upole, akirudi kumpokea mfuko wa nepi. "Uliza tena. Uliza polepole."